Lipstiki ya bitruti imenigomea, rangi imekaa chini kama supu. Nakosea wapi?

Shuu wa Tegeta
Habari zenu wadau, naombeni msaada kabla sijatupa sufuria dirishani. Mdogo wangu ana sendofu wiki tatu zijazo na midomo yake haitaki kabisa lipstiki za dukani, akipaka leo kesho inabanduka kama nyoka anavua gamba, na kuwasha juu. Mara ya mwisho alinunua moja ya buku mbili kituoni, haina hata jina la kiwanda, wiki nzima akatembea na barakoa kazini watu wakidhani anaumwa mafua. Mimi na kiherehere changu nikamwambia usijali nitakutengenezea ya asili mwenyewe, maana nimeona video wanatumia bitruti, nta ya nyuki na mafuta ya nazi, vitu vya jikoni tu.

Nilichofanya: nikakuna bitruti moja kubwa, nikaikamua kwa kitambaa, nikapata juisi nusu kikombe cha chai, nyekundu mpaka inatisha. Nikayeyusha nta vijiko viwili na mafuta ya nazi vijiko kama kumi hivi, nikamimina juisi nikaanza kukoroga. Jamani haikuchanganyika! Mafuta juu, juisi chini, vile vitone vyekundu vinazunguka tu humo kama vifaranga vimepoteza mama. Nikaongeza juisi (msinicheke). Nikakoroga mpaka ikaganda nikadhani nimeshinda, kumbe ni pinki ya mbali yenye madoadoa. Nikapaka, mdomo unang'aa kama nimetoka kula chipsi, rangi hakuna. Siku ya tano nafungua kikopo nakuta manyoya meupe juu, ukungu! Na kile nilichoweka kwenye pochi kiliyeyuka ndani ya daladala mchana, pochi yote mafuta.

Sasa nakosea wapi? Nta kidogo? Bitruti gani inatakiwa? Nisaidieni nisiaibike, nimeshamtangazia mpaka shangazi.

kichwa_ngumu
Dada si umnunulie tu nzuri ya bei, mambo ya kupika lipstiki kama ugali yatakuumiza kichwa.

Shuu wa Tegeta
@kichwa_ngumu ushauri wako nimeuona, kaa pale pembeni upate soda.

Mwalimu wa Maabara
Shuu, hukukosea kukoroga. Hata ungekoroga mpaka sendofu iishe na harusi ipite isingekubali. Rangi ya bitruti, ile inaitwa betanini, ni rangi ya majini, inayeyuka kwenye maji tu. Nta na mafuta ya nazi havina maji hata tone, sasa unataka vitu viwili ambavyo havisalimiani vilale kitanda kimoja. Ndiyo maana uliona vitone. Na ukungu umekuja kwa sababu hiyohiyo, juisi ya bitruti ina maji na sukari, umewawekea wadudu chakula na kinywaji halafu ukafunika kikopo. Lipstiki ya mafuta matupu haioti ukungu kirahisi, ukitia maji tu umeharibu. Na asije mtu hapa akasema weka vitamini E itatunza, vitamini E inachelewesha mafuta yasichache, ukungu haiuzuii.

Wengine watakwambia kausha bitruti usage unga. Unga nao hauyeyuki, unakaa chembechembe, unapaka mdomo unahisi mchanga. Choya ni hivyohivyo, rangi yake nzuri kwenye juisi ila ni ya majini. Manjano inaingia kwenye mafuta vizuri sana lakini hakuna bibi harusi anayetaka midomo ya mtu mwenye homa ya manjano.

Kwa hiyo swali lako lisiwe bitruti gani, liwe rangi gani nyekundu inakubali mafuta.

mha_wa_ziwani
Mbona jibu liko wazi, mawese! Mekundu yenyewe, mafuta yenyewe. Huku Kigoma tunayo mpaka tunapikia.

Shuu wa Tegeta
@mha_wa_ziwani hahaha umewahi kupaka au unanitania?

mha_wa_ziwani
Nimewahi, sikudanganyi, wife alijaribu. Rangi inakuja ya njano njano ya chungwa, siyo mbaya, tatizo harufu, nikimkaribia nasikia njaa, nawaza maharage.

Bi Mkubwa wa Kizimbani
Mwanangu Shuu, umezunguka mbali na kitu kiko pwani hapa hapa. Tafuta zingifuri. Huku Unguja mzingifuri upo mashamba ya viungo yote, matunda yake mekundu yana manyoya kama shokishoki, ukilipasua ndani mna mbegu ndogo ndogo, ukizigusa tu kidole kinakuwa chekundu cha kama tofali. Hao vijana wanaotembeza wageni ndio mchezo wao, wanapasua tunda wanampaka mgeni mdomoni anapigwa picha anafurahi, wanawaambia huu ndio mti wa lipstiki. Na si uongo, sisi tulipokuwa wadogo ndiyo ilikuwa lipstiki yetu ya kuchezea harusi za vidoli, mama akituona anatukimbiza kwa sababu inaharibu nguo.

Uzuri wake rangi ile iko kwenye kile kijigamba cha juu cha mbegu na inaingia kwenye mafuta. Huhitaji kusaga wala kukamua. Chukua mbegu kavu kijiko kimoja cha kujaa, mafuta vijiko vitatu, weka kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, acha nusu saa unakoroga koroga. Usiweke juu ya moto moja kwa moja, ukiunguza inakuwa kahawia na inanuka uchungu. Ukiona mafuta yamekuwa mekundu mazito chuja kwa kitambaa cha zamani usichokipenda.

Shuu wa Tegeta
Bi Mkubwa Mungu akuweke! Hiyo zingifuri bara tunaipata? Wauza viungo wanaijua kwa jina hilo?

Bi Mkubwa wa Kizimbani
Wanaijua, na asiyejua mwambie rangi ya pilau ya asili, hata wanaopaka kuku wa kuchoma wanaitumia. Lakini chagua mbegu zenyewe, usichukue unga, unga unachanganywa na vitu. Na angalia mbegu ziwe nyekundu za kukolea, zikikaa sana juani zinapauka zinabaki kama dengu, hizo hazina kitu.

Mdigo wa Lungalunga
Naunga mkono hapo, huku Kwale tunaita bixa na ni zao la biashara kabisa, wakulima wanavuna wanaanika wanauza mbegu kwa kilo, zinaenda viwandani kutolewa rangi ya chakula, ile ya siagi na jibini za Ulaya. Sisi wenyewe tulikaa miaka tukiiuza bila kujua wazungu wanaifanyia nini, mie nilijua juzi tu ati ndiyo inayofanya siagi iwe ya manjano. Ila dada ujue mapema, bixa si nyekundu ya damu ya mzee, ni nyekundu ya kichungwa. Kwa mtu maji ya kunde inakaa vizuri mno, kwa mweusi tititi kama mie inabidi uikoleze.

Shuu wa Tegeta
Mdogo wangu ni mweusi wa kung'aa. Naikoleza na nini sasa?

Mwalimu wa Maabara
Unga wa kakao ule mchungu usio na sukari, kidogo tu, ncha ya kijiko. Utaipeleka kwenye rangi ya tofali iliyoiva. Kakao haiyeyuki, inabaki chembe tu ndani ya mafuta, kwa hiyo saga laini na upitishe kwenye kitambaa chepesi kwanza. Ukitaka nyekundu nzito inayofunika mdomo usionekane chini, hapo ukubali kutumia rangi ya madini, oksaidi ya chuma nyekundu iliyosafishwa kwa ajili ya vipodozi. Siyo ile ya kuchanganya saruji tafadhali! Hiyo ya ujenzi inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu na takataka nyingine, na mdomo ni mahali unapolamba siku nzima. Hata lipstiki za viwandani risasi huwa inapimwa, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imependekeza isizidi sehemu 10 kwa milioni. Wewe nyumbani huna cha kupimia, kwa hiyo usitie unga usioujua ulikotoka.

mrembo_asilia
Mbona hamjasema hina? Hina inakaa wiki mbili haitoki, mnapaka mara moja tu sendofu mpaka harusi.

Mwalimu wa Maabara
@mrembo_asilia usimtie mwenzako matatani. Hina ya majani inashika kwenye ngozi kavu na kucha, mdomoni haitulii. Na watu wakisikia hina siku hizi wanaenda kununua piko, ile nyeusi, ambayo ni rangi ya nywele yenye kemikali inaitwa PPD. Nimeona mkono wa binti uliovimba malengelenge yakafuata ua lote lilivyochorwa, petali kwa petali, na likabaki kovu la ua. Huo ni mkono. Fikiria mdomo.

Bint Maskati
Salaam kutoka Maskati. Huku wazee wana gome la mti wa jozi wanaliita dairam, unalilowesha unasugua meno na midomo, midomo inakuwa rangi ya kahawia ya kichungwa na hata ule haitoki. Bibi yangu alihamia huku kutoka Unguja na tambuu yake, alipokosa majani mazuri ndiyo akazoea hilo gome. Linachoma kidogo lakini, kwa midomo inayobanduka silishauri.

Bi Mkubwa wa Kizimbani
Umenikumbusha tambuu mwanangu. Jani, popoo, chokaa, katu, unatafuna taratibu unapiga soga, mate yanakuwa mekundu na midomo inashika rangi ambayo hakuna duka linauza. Mama yangu hakuwahi kununua lipstiki maisha yake. Lakini meno yakaisha, na sasa hospitali wanatuambia popoo ni mbaya kwa kinywa, inaleta saratani. Basi tuiache kwenye kumbukumbu.

Mrina wa Sikonge
Mimi nimeingia kwa ajili ya nta maana naona mnapaka rangi nyumba haijaezekwa. Shuu umesema nta vijiko viwili mafuta vijiko kumi. Hiyo ni lipstiki ya Ulaya wakati wa baridi. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, yaani Dar kwako ni maji karibu mwaka mzima, nta inayeyuka kwenye 62 mpaka 64. Kwa joto la daladala ya mchana nta iwe robo ya mzigo wote, na upime kwa uzito, vijiko vinadanganya.

La pili, nta umenunua wapi na ilikuwa rangi gani? Kama ni ya kahawia nzito yenye harufu kali ya mzinga, hiyo haijasafishwa, ina gundi ya nyuki ndani na wapo watu gundi hiyo inawavimbisha midomo kuliko hata hiyo lipstiki ya kituoni. Isafishe hivi: iweke kwenye sufuria ya zamani na maji mengi, moto mdogo, ikiyeyuka yote chuja kwa gunia safi au chachi, acha ipoe usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi utakuta sahani ya nta imeelea juu, igeuze, ule utandu mweusi wa chini ukwangue kwa kisu. Rudia mara mbili mpaka iwe ya njano kama mahindi. Na usithubutu kuyeyusha nta moja kwa moja kwenye jiko ukaenda kujibu simu, inashika moto kama petroli. Ikishika usimwagie maji, funika na mfuniko.

Shuu wa Tegeta
Kaka yangu ilikuwa kahawia inanuka moshi!! Na moshi wenyewe niliusifia nikajua ndiyo asili. Haya nipeni vipimo basi kama mtu anayempa mtoto wa darasa la nne.

Mwalimu wa Maabara
Tafuta mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu. Kwa vikopo au vibomba vitano vya gramu nne nne unahitaji gramu 20. Nta iliyosafishwa 5, siagi ya kakao 4, mafuta yaliyokwisha kuloweka zingifuri 11. Hayo 11 changanya nyonyo na nazi, nyonyo iwe nyingi, maana nyonyo ni nzito, inang'arisha na inaushika ule unga wa kakao usizame chini. Nunua mafuta ya nyonyo yaliyokwisha kusafishwa, usiende kukamua mbegu mwenyewe, mbegu zake zina sumu kali. Siagi ya kakao ukikosa tumia siagi ya shea ya Uganda, ila ni laini zaidi, ongeza nta gramu moja.

Yeyusha nta kwanza, kisha siagi, kisha mafuta ya rangi. Vyombo vyote vikavu kabisa, hata kijiko. Kabla hujamimina chovya kijiko kilichotoka kwenye friza, ikiganda jipake mkononi. Ngumu sana? Ongeza mafuta tone tone. Laini? Chembe ya nta. Hapo ndipo pa kurekebisha, ikishaingia kwenye kibomba umechelewa. Mimina kwa bomba la sindano la mililita kumi bila sindano yake, haraka kabla halijaganda ndani. Ikipoa katikati itabonyea shimo, bakiza kidogo uzibe.

Na mdogo wako ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, akae siku nzima. Asilia haina maana hakuna mzio.

Bi Mkubwa wa Kizimbani
Nami naongeza moja, usiiache juani wala dirishani. Zingifuri na jua hawapatani, itapauka. Weka kabatini.

kichwa_ngumu
Nimesoma yote mpaka chini, sasa na mimi nataka kumtengenezea mtu. Siagi ya kakao mnanunua wapi?

Shuu wa Tegeta
@kichwa_ngumu kaa palepale pembeni, soda bado.

Shuu wa Tegeta
Nimerudi wadau, siku kumi na tisa baadaye, sendofu ilikuwa jana.

Mzigo wa kwanza niliunguza mbegu, nilikuwa na haraka nikaweka sufuria moja kwa moja jikoni, nyumba ikanuka kama mtu anachoma kandambili. Wa pili nikafanya kama Bi Mkubwa alivyosema, bakuli juu ya maji, nikakaa na kigoda changu nusu saa. Jamani ile rangi inavyotoka! Mafuta yanaanza njano, yanakuwa chungwa, halafu ghafla unatazama yamekuwa mekundu ya kutisha, huoni kijiko ndani. Nikachuja kwa kipande cha kanga, kanga imekufa. Mama akachukua mbegu zilizobaki akazikaanga tena kwenye mafuta akapikia wali, tukala wali wa rangi ya jua linazama siku mbili.

Nta nilisafisha mara tatu, ule uchafu wa chini sikuamini, kulikuwa mpaka na bawa la nyuki. Nikatia kakao ncha ya kijiko, nikajaribu kwenye mkono, nikaongeza nyingine. Kiwikoni hakuwashwa. Kwa kusema ukweli haifuniki kama ya dukani, ni kama mtu amekula kitu kizuri midomo ikabaki na rangi, na ukinywa chai inabidi urudie. Lakini kwenye ngozi yake ilikaa, mpiga picha akamuuliza umepaka ya kampuni gani, akasema ya Tegeta. Leo asubuhi midomo mizima, haijabanduka. Daladala nayo niliijaribu kwa makusudi, saa nane mchana, imelainika kidogo tu haijamwagika.

Zilitoka tano, moja shangazi kaondoka nayo bila kuomba.

Sasa nina swali jingine na hili ni la haraka. Wakati wa kukumbatiana bibi harusi kamuachia shemeji midomo miwili kwenye bega la shati jeupe. Shati la kuazima. Nimefua kwa sabuni ya unga, nimesugua na limao, doa la kichungwa liko palepale linanitazama. Linatokaje?

Mdigo wa Lungalunga
Pole dada. Huku tunavyojua sie, shati lililoshika bixa huwa linabaki la shambani.

Bi Mkubwa wa Kizimbani
Msimtishe. Shuu, limao liache. Paka sabuni ya kipande palipo na doa, tena ya kutosha kwanza itoe mafuta, suuza, kisha lianike juani doa likiwa juu. Usilitoe, lirudie kesho na keshokutwa. Si nilikwambia zingifuri na jua hawapatani?

Shuu wa Tegeta
Liko kambani tangu saa tatu. Mwenye shati kapiga simu mara mbili, sijapokea.